Mzima Upo?

Nimestaafu kuchimba dawa. Mtu aliyejiajiri haandikiwi barua wala hafanyiwi sherehe ya kuagwa. Magoti ndiyo yanayomtangazia. Yangu yalinitangazia kiangazi kilichopita nikiwa nimechuchumaa ndani ya shimo huko Ushetu. Nilishindwa kuinuka, ikabidi mchunga ng'ombe aliyekuwa akipita anivute kwa fimbo yake. Akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia hapana, nimeacha kazi.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mliobaki: ninyi mnaochimba mizizi Ushetu, na ninyi mnaoiuza Nyasubi na Nyarugusu, ambao siku hizi mnaisaga unga, mnaitia kwenye chupa na kubandika picha ya simba. Sina siri ya kuwapa. Siri nilizokuwa nazo niliziuza pamoja na mizizi, na zilizobaki nimezisahau. Nitawasimulia nilivyoanza, mti ulionilisha, na jinsi neno moja la Kiswahili lilivyokaribia kumuua mwanamke aliyenifundisha kazi hii.

Mwanamke huyo ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi. Alikuwa na kibanda cha dawa Nyarugusu, karibu na mialo ambako wachimbaji wa dhahabu huosha mchanga wao. Mimi wakati huo nilikuwa kibarua wa tumbaku Ushetu, nakata kuni za kukaushia majani ya watu wengine. Alikuja kijijini kwetu kutafuta mtu wa kumchimbia mizizi. Alinichagua kwa sababu nilikuwa na jembe na sikuwa nimelewa, sifa mbili ambazo mchana ule hazikupatikana pamoja kwa mtu mwingine.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kunionyesha soko. Tulipanda basi Kahama, kiroba changu na sululu chini ya kiti, yeye amelala karibu na dirisha. Mimi nilikuwa sijawahi kupanda basi la mbali. Tulipokuwa tumeingia porini, basi likasimama, na kondakta akapaza sauti: "Haya, wa kuchimba dawa washuke, wachimbe haraka!"

Nilishangaa jinsi kazi yetu inavyoheshimiwa. Nikachukua sululu, nikachukua kiroba, nikashuka. Abiria wengi nao wakashuka, nikajiambia kumbe biashara ina ushindani mkubwa hivi. Nikaingia kichakani, nikaona mti unaofaa, nikaanza kuchimba kwa nguvu zangu zote. Ndipo nilipoona kwamba watu wote wamechuchumaa, kila mmoja na kichaka chake, na wananitazama.

Mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu akasema kwa upole, "Kijana, umelelewa vizuri. Sisi wengine tunaacha hivi hivi, bila kufukia."

Niliporudi ndani ya basi na kiroba changu, kondakta alinitazama, akatazama kiroba, akahamia upande wa dereva. Mama Kulwa alikuwa ameamka. Alingoja mpaka tumefika, kisha akamsimulia kila mtu Nyarugusu, kuanzia muuza maji. Kwa hiyo nilipoanza kazi nilikuwa tayari najulikana, jambo ambalo wafanyabiashara wengine hulipia matangazo redioni.

Sasa mti. Unaitwa mzima. Ndiyo, hivyo hivyo, kama mtu asiyeumwa. Unapenda udongo wa kichanga, majani yake yana manyoya laini yanayong'aa kama fedha, na tunda lake ni bapa, lina ubawa wa rangi ya waridi. Mizizi yake tunaichemsha kwa maumivu ya tumbo na kuhara. Hivyo ndivyo tulivyorithi. Kiangazi kikikolea, mti unapukutisha majani yote unabaki fito za kijivu, na hapo ndipo msimu wetu unapoanza. Wakongwe wa kazi wanashikilia kwamba majani yakishuka, nguvu ya mti nayo imeshuka mizizini. Mimi nashikilia kwamba kiangazi hakuna kazi nyingine shambani. Chagueni wenyewe.

Tatizo ni kwamba wakati huo porini kila mti uko uchi, na miti ikiwa uchi inafanana. Kiroba changu cha kwanza nilikijaza kwa fahari, nikakisafirisha mpaka Nyarugusu. Mama Kulwa akatoa mzizi mmoja, akaunusa, akauvunja, akaulamba.

"Hii ni nini, Shija?"

"Mzima, mama."

"Yaya, hapana, mwanangu. Huu si mzima. Huu ni wa kupikia ugali."

Akaupikia ugali kweli. Nilikula na mboga ya mlenda, nikaambiwa ndiyo mshahara.

Baada ya hapo alinifundisha, na mafundisho yake ndiyo haya. Nenda porini wakati wa mvua, mti ukiwa na majani, ukariri ulipo kama unavyokariri nyumba ya wakwe. Kiangazi tazama chini ya mti, matunda ya mwaka uliopita hayakosekani. Tazama gome, lina mipasuko mirefu ya kushuka. Kisha kwaruza kitawi kwa ukucha: ukiona kijani chini ya ganda, uko hai, ukiona kahawia, huo waachie wenye mafiga. Chimba upande mmoja tu, chukua mizizi ya pembeni isiyozidi unene wa mpini, mzizi mkuu usiuguse, na shimo ulifukie. Mizizi anika kivulini. Mimi niliwahi kuianika juu ya bati juani ili ikauke upesi, ikapasuka na kujikunja ikawa kama kucha za kuku, na hakuna mgonjwa aliyekubali kuinunua.

Jambo la ukucha lilinisaidia hata nyumbani. Pembezoni mwa shamba langu kuna mzima mmoja niliouacha wakati wa kusafisha, na kila kiangazi mke wangu, Mama Holo, husimama mbele yake ameshika shoka.

"Baba Holo, mti wako umekufa."

"Haujakufa. Ni mzima."

"Mzima ni jina lake. Nakuuliza, uko hai?"

"Uko hai, ni mzima."

"Wewe mtu huwezi kujibu swali."

Nakwenda, nakwaruza kitawi, namwonyesha kijani, anarudisha shoka. Mwaka unaofuata tunaanza upya. Nadhani ndoa yetu imedumu kwa sababu ya mti huo, maana ndio ugomvi pekee ninaoshinda.

Nyarugusu nako niliwahi kujiponza kwa bidii. Nyuma ya makazi ya wachimbaji palikuwa na mzima mmoja mkubwa, na Mama Kulwa alikuwa akiuchimba kidogo kidogo, kwa adabu, watu wakiwa kazini. Siku moja alinituma mimi. Nikafika na sululu mchana kweupe, nikavua shati, nikaanza kuchimba huku nikiimba. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anapita akasimama.

"Kaka, unachimba nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo."

Akacheka. "Hata sisi wote tunachimba kwa ajili ya tumbo," akasema, akaondoka mbio.

Alirudi na wenzake. Wenzake wakaita wenzao. Nikawaeleza kwamba ni mizizi tu, nikawaonyesha kiroba, wakanikonyeza. Kadiri nilivyokana, ndivyo walivyoamini kwamba nimeona mwamba wenye dhahabu. Rashi, mbio za kuwahi dhahabu, ikaanza. Kila mtu akajikatia eneo lake kuuzunguka ule mti, maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yakafunguliwa, na kabla jua halijazama mama ntilie mmoja alikuwa ameshainjika sufuria ya maharage. Mizizi waliyoikuta waliitupa nje kama takataka. Mama Kulwa alipita na kiroba duara hadi duara, akiiokota na kuwashukuru mmoja mmoja: "Wabeja, baba. Wabeja sana."

Nilidhani amefurahi. Jioni aliniambia, "Tumepata mizizi ya mwezi, tumepoteza mti wa maisha." Mti ule uliegemea, ukakauka, na mvua iliponyesha haukuchipua. Dhahabu hawakupata. Tangu hapo mzima wote wa kibanda chake ulitoka kwangu Ushetu, na hapo ndipo simu ilipoingia katika habari hii.

Kwetu mtandao haupatikani ndani ya nyumba. Unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, tena ukigeukia upande wa Kahama. Simu ikiita naikimbiza kichuguuni huku inaita, napanda, nageuka, ndipo napokea. Aliyepiga husikia kwanza mtu anahema. Mama Kulwa alizoea. Akihitaji mizizi hupiga, ananiagiza, nami naipakia kwenye gari la asubuhi.

Siku ninayoisema ilikuwa kiangazi. Simu ikaita, nikapanda, nikageuka. Sauti yake ilikuwa inakatika, nami nikalaumu mtandao. Kumbe mtandao haukuwa peke yake.

"Shija... mzima upo?"

Nikafurahi kwamba kanipigia kunijulia hali. "Nipo, mama! Nipo mzima kabisa!"

"...leo?"

"Hata leo, mama! Mzima! Sijui ninyi huko?"

"Huku... umekwisha..."

Simu ikakatika. Nikaelewa kwamba muda wa maongezi ndio umekwisha. Nikashuka kichuguuni nimefurahi, nikamwambia mke wangu kwamba Mama Kulwa ana upendo sana, amepiga simu ya salamu tu, hana hata shida. Nikanywa uji.

Yaliyotokea upande wa pili niliyajua baadaye kwa Neema, mke wa Kulwa, ambaye alikuwa amekaa naye. Mama Kulwa alikuwa ameamka anaharisha maji matupu na kutapika. Kibandani kwake mzima ulikuwa umekwisha, ameuza hadi kipande cha mwisho. Watu wote wanamjua kama muuza dawa wa Nyarugusu, na yeye mwenyewe hana dawa. Ndipo akanipigia kuuliza kama mzima upo. Nikajibu upo, mzima kabisa. Akauliza unaweza kuja leo. Nikajibu hata leo.

Neema akamwambia twende kituo cha afya. Akakataa. "Shija analeta mzima," akasema. "Amesema hata leo." Kila gari lilipopiga honi kule barabarani alimtuma Neema akatazame. Neema alitoka na kurudi, alitoka na kurudi. Mimi wakati huo nilikuwa natengeneza mpini.

Asubuhi iliyofuata macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imekwisha. Neema hakuomba ruhusa tena. Aliita bodaboda, akamweka mama mkwe katikati yake na dereva, akamshika kiunoni, wakaondoka. Njia nzima, anasema, Mama Kulwa alikuwa akinong'ona kwenye mgongo wa dereva kwamba watapishana na Shija, Shija yuko njiani. Kituoni walimtundikia dripu, ikaisha, wakatundika nyingine. Tabibu alimwambia Neema kwamba wangengoja mpaka jioni, wangemletea maiti.

Na mimi? Mimi nilifika siku kadhaa baadaye, katika safari yangu ya kawaida, kiroba begani kimejaa mzima mzuri uliokaukia kivulini, napiga mluzi. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Muuza maji, yule yule wa zamani, akatua madumu yake.

"Wewe ndiye Hata Leo?" akauliza.

Jina lilikuwa limeshanitangulia. Akanieleza. Nikaacha kiroba pale pale njiani na kukimbia mpaka kituo cha afya. Njiani nilikuwa nayarudia maneno ya ile simu moja moja, na kila neno nililolirudia lilinichoma. Upo. Nipo. Leo. Hata leo. Sijawahi kukichukia Kiswahili namna ile. Ningekuwa nimesoma zaidi labda ningeuliza. Ningekuwa sikusoma kabisa labda tungeongea Kisukuma, na tusingefika huko.

Nilimkuta kitandani, mkono umenyooshwa, mrija wa dripu umebandikwa. Amekonda, amebaki macho na ulimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia ndala mpaka kichwani. Kisha akauliza, taratibu: "Shija. Mzima?"

Nilishafungua mdomo kusema mzima kabisa. Nikaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuufunga kwa wakati.

"Mti au mtu, mama?" nikauliza.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia na mrija ukacheza, nesi akaja kutukaripia, akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Badala ya kujibu nikalia pale pale mbele ya watu kama mtoto aliyepotea mnadani. Mama Kulwa ndiye aliyejibu. "Ni mchimba dawa," akasema, na nesi akanionyesha choo kilipo.

Nimelifikiria jambo lile miaka yote iliyofuata, na hili ndilo ninalotaka mlibebe ninyi wenye chupa za simba. Kama ningeelewa simu ile, ningefika jioni yake na kiroba. Mama Kulwa angechemsha, angekunywa, angelala akiamini, na Neema angemheshimu, asimpeleke kituoni. Dripu ingekuwa kituoni, yeye angekuwa nyumbani na mimi. Katika kazi yangu yote nimechimba mizizi ya kujaza lori, na dawa yangu iliyookoa mtu kwa hakika ni ile ambayo haikufika.

Alipopona, Mama Kulwa aliweka sheria kibandani. Mwenye tumbo la kawaida alimuuzia mzima. Mwenye kuharisha maji alimfukuza: "Nenda kwanza ukatundikiwe dripu. Mzima utaukuta hapa hapa, hauna miguu." Wengine walinuna wakaenda kwa wauzaji wengine. Wengine walirudi baada ya wiki wakinunua mizizi hata wasiyoihitaji, kwa shukrani.

Na simu zetu zilibadilika. Akipiga akisema "Shija, mzima?", mimi nauliza "Mti au mtu?" Akisema mti, nachukua sululu. Akisema mtu, namweleza habari za magoti yangu mpaka muda wake uishe. Miaka ilivyokwenda, mti ulipungua na mtu akaongezeka. Porini mabani ya kukaushia tumbaku na mkaa vimemaliza miti mingi, na yeye kibanda kilishahamia kwa Neema. Alikuwa akipiga tu.

Kiangazi hiki, cha kwanza tangu nistaafu, simu zake zilikatika. Nikasema labda chaji. Nikapiga, ikaita mpaka ikachoka. Ya Neema haikupatikana kabisa. Nikawa napanda kichuguu kila asubuhi, na kwa magoti haya kupanda kichuguu ni safari ya kuagwa. Mke wangu aliacha kunigombeza, na mke wangu asiponigombeza mimi naogopa. Sikulala vizuri. Niliogopa kupiga na niliogopa kuacha, kwa sababu yule mama ndiye mtu pekee aliyewahi kunichagua kwa kazi yoyote.

Jana asubuhi Mama Holo alichukua shoka, akaenda kwenye mzima wetu pembezoni mwa shamba. Nikamfuata nikichechemea, ukucha tayari. Haukuhitajika. Kwenye ncha za fito za kijivu majani yalikuwa yameanza kutoka, madogo, yana manyoya, yanang'aa juani. Mama Holo akayagusa. "Haya," akasema, "nenda kampigie tena."

Nikapanda kichuguu, nikageukia upande wa Kahama, nikapiga. Ikaita. Ikaita sana. Kisha ikapokelewa, na nikasikia mtu anahema.

"Mama," nikasema. "Shikamoo, mama. Mzima?"

Nikasikia kitanda kinalia, na kitu kinaanguka, kama kikombe. Nikashika simu kwa mikono miwili. Kisha sauti ikaja, ndogo, imekwaruzika, haina haraka yoyote:

"Mti au mtu?"

Nilikaa chini juu ya kile kichuguu, pamoja na siafu wake.

"Mtu, mama," nikasema. "Mti nimeuona asubuhi. Umechipua."